Huduma ya DJI ya kufungua maeneo ya viwanja vya ndege: droni inafunguka, anga bado ni ya TCAA

Ukiwasha droni ya kampuni ya DJI karibu na uwanja wa ndege, tuseme kwenye mashamba ya kando ya uwanja wa Songwe, Mbeya, unaweza kukuta betri imejaa, setilaiti zimepatikana za kutosha, rimoti imeshika, halafu mota zinagoma kuwaka. Droni haijaharibika. Ndani yake kuna ramani ya maeneo yanayozuiwa, GPS imeipa mahali ilipo, na imeona iko ndani ya mpaka. Kufuli hilo ni la mtengenezaji, na mtengenezaji huyohuyo ana huduma ya kulifungua, iitwayo FlySafe. Tunaitathmini hapa kwa ajili ya warushaji wa kujiburudisha wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, maana wengi wanaipokea kama kibali cha kuruka, na kibali sicho.

Kama ufunguo, huduma hii tunaipa nyota nne kati ya tano. Ni bure, ramani yake inasomeka hata na asiye na akaunti, na ukiandaa nyaraka vizuri inafanya kazi. Nyota ya tano imepotea kwa sababu inamwachia mtumiaji aamini kwamba kufuli likifunguka na ruhusa imepatikana. Fundi wa kufuli anaweza kukufungulia mlango, ila nyumba haiwi yako kwa hilo. DJI wenyewe wanaeleza kwamba kufungua eneo hakuchukui nafasi ya ruhusa ya mamlaka ya nchi, lakini maelezo hayo yamo kwenye masharti ambayo watu huyapitisha kwa kidole bila kuyasoma.

Mwenye anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Ndiyo inayosajili droni na kuidhinisha zirushwe, chini ya kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018, na upande wa usalama unapitia Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Kurusha kwa kujifurahisha hakukuondoi kwenye utaratibu huo. Njia ya kwenda kwa meneja wa uwanja kuomba ruhusa nayo inapoteza muda wa watu wengi. Majengo na njia ya kurukia viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Anga iliyo juu yake, pamoja na waongozaji walio mnarani, ni TCAA. Meneja anaweza kukupokea vizuri na kukusikiliza, lakini karatasi unayoihitaji haitoki mezani kwake.

Jambo jingine linalochanganya linatoka kwenye video za Marekani. Kule kuna mfumo uitwao LAANC: mtu anafungua programu ya simu, anachagua mraba kwenye ramani, anaandika kimo, na ruhusa ya kuingia kwenye anga inayodhibitiwa inarudi ndani ya sekunde chache, isiyozidi futi 400 na mara nyingi chini ya hapo kufuatana na mraba wenyewe. Warushaji wa burudani wa kule waliruhusiwa kuutumia tangu Julai 2019. Ni mfumo mzuri sana, lakini ni wa Marekani, na programu zake hazina ruhusa yoyote ya kutoa juu ya Mbeya. Vivyo hivyo na habari ya gramu 250. Kule uzito huo ni mpaka wa usajili kwa anayerusha kwa burudani, na hata huko droni ya gramu 249 bado inahitaji ruhusa ya anga ikiwa karibu na uwanja. Usiubebe mpaka huo ukauleta huku.

Sasa tuingie kwenye huduma yenyewe.

Ramani ya FlySafe inagawa maeneo kwa rangi. Nyekundu ni eneo lililofungwa kabisa: mota haziwaki, na ukitokea nje droni inasimama mpakani. Bluu ni eneo la idhini: limefungwa, lakini mwenye akaunti iliyothibitishwa anaweza kujifungulia mwenyewe. Kijivu ni eneo la kikomo cha kimo: unaruka, ila droni haipandi kupita pale ilipowekewa. Njano ni onyo tu. Uwanja mmoja unaweza kuwa na rangi zaidi ya moja zilizopandana, nyekundu kwenye njia ya kurukia na kijivu ikitandaa pande zile ambako ndege hushukia. Kufungua moja hakufungui iliyo jirani, na hili ndilo linalowafanya wengi waseme huduma haifanyi kazi: wamefungua bluu, droni imepaa, imekwenda mita mia tatu, imegota kwenye nyekundu.

Mfumo wenyewe uko kwenye mabadiliko. Ulaya kuanzia Januari 2024, na Marekani kuanzia Januari 2025, DJI waliondoa sehemu kubwa ya makufuli haya wakaweka maonyo, uamuzi ukabaki kwa mrushaji. Kwa hiyo usiende kwa kile alichokiona rafiki yako mwaka juzi. Fungua ramani siku hiyo, chagua aina ya droni yako (rangi hubadilika kwa aina), usome kilichopo. Na droni ikikuruhusu kuruka bila kulalamika mita mia tano kutoka kwenye njia ya kurukia, elewa kwamba kufuli halikuwekwa tu. Hali ya sheria haijabadilika. Viwanja vidogo ndivyo vya kuangaliwa zaidi kwa hili: Njombe, Msembe ndani ya Ruaha, njia za majani za mashamba ya chai. Ndege ndogo inatua huko bila kelele nyingi, na ramani ya simu inaweza isikuonyeshe kitu. Kinyume chake pia hutokea. Uwanja wa zamani wa Mbeya mjini uliacha kupokea ndege za abiria Songwe ilipofunguliwa Desemba 2012. Ukikuta duara limechorwa juu ya uwanja wowote usiotumika, ujue hiyo ni kumbukumbu ya kampuni, na kulifungua bado kunafuata hatua zilezile.

Eneo la bluu linafunguliwa kwa dakika chache: unaingia kwenye akaunti, unachagua droni, unachagua eneo, unathibitisha, na leseni ya ufunguzi unayopewa hudumu saa 72. Hakuna zaidi la kueleza hapo. Kazi iko kwenye nyekundu, ambako unaomba ufunguzi maalumu kwa kuambatisha kibali cha mamlaka. Ndiyo kusema kibali cha TCAA kinatangulia, ufunguo unafuata. Anayeanza na DJI atarudishwa aende akatafute karatasi.

Ombi la TCAA likiandikwa vizuri, ombi la DJI linakuwa la kunakili tu. Vitu vinne ndivyo vinavyoharibu barua nyingi.

Cha kwanza ni mahali. Usiandike "eneo la Songwe karibu na shule". Andika nyuzi za latitudo na longitudo na nusu kipenyo kwa mita, au kona zote za umbo unalotaka. Sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo ina alama ya kutoa mbele yake, au herufi S. Mbeya mjini ni takriban -8.9 na 33.45. Sahau ile alama ya kutoa, na nukta yako inaruka hadi kule Sudan Kusini inakopakana na Ethiopia. Zipishane namba mbili hizo, ukaanza na ya longitudo, na utaangukia baharini ng'ambo ya pwani ya Moroko. Anayepitia ombi hatakisia ulimaanisha nini. Na usichukue nyuzi kutoka kwenye zile ramani za zamani za karatasi za nchi yetu: zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, wakati simu na droni hutumia WGS 84, na tofauti kati yao hapa kwetu ni mamia ya mita. Karibu na uwanja wa ndege, mita hizo ndizo zinazotenganisha kando ya njia ya kurukia na katikati yake.

Cha pili ni saa, na hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatutega. Ukiandika "saa 2 hadi saa 4 asubuhi", wewe unamaanisha 08:00 hadi 10:00. Fomu ya kompyuta inasoma 02:00 hadi 04:00, usiku wa manane, na leseni itaisha kabla hujaamka. Andika kwa saa 24. Tena useme ni saa za Afrika Mashariki, kwa sababu shughuli za anga duniani zinaendeshwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3: 08:00 ya Mbeya ni 05:00 UTC. Tangazo lolote la kufungwa kwa anga, lile waongozaji wanaloliita NOTAM, utalikuta kwa UTC. Kuchanganya saa hizo kunamfanya mtu arushe droni akidhani tangazo limekwisha, kumbe ndiyo kwanza limeanza.

Cha tatu ni kimo. Droni inapima kimo kutoka pale ilipopaa. Mwongoza ndege anafikiri kwa futi juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ardhi iko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo mita 120 juu ya ardhi ni mita 1,820 juu ya bahari, karibu futi 5,970. Andika zote mbili kwenye barua, na useme ipi ni ipi. Namba tupu ya "120" bila kueleza ni mita au futi, juu ya nini, ni sababu tosha ya barua kurudi.

Cha nne ni namba ya droni. Ile iliyoandikwa kwenye boksi au ndani ya sehemu ya betri ni namba ya droni. DJI, kwa ufunguzi, wanataka namba ya kidhibiti ruko, ubongo unaokaa kwenye saketi kuu. Ipo ndani ya programu ya DJI Fly, ukurasa wa About. Weka zote mbili kwenye barua ya TCAA, ili karatasi ile na fomu ya DJI zisemane. Fundi akibadilisha saketi kuu, au ukipewa droni nyingine badala ya iliyoharibika, namba hii hubadilika, na leseni ya zamani haina kazi tena hata kama gamba la nje ni lilelile.

Kibali kikiwa mkononi, kipige picha safi au kiskani kiwe PDF, mhuri na tarehe vikionekana. Kama kimeandikwa kwa Kiswahili, ambatisha tafsiri ya Kiingereza, kwa sababu anayekisoma upande wa pili hayuko Mwanjelwa. Eneo na tarehe unazoomba DJI zisizidi hata kidogo zile za kibali. Usiongeze siku "za akiba" wala kupanua duara.

Leseni ikitoka, bado iko kwenye akaunti yako. Haijafika kwenye droni. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia, maana mtu anaona neno la kukubaliwa kwenye barua pepe, anafunga begi, anaondoka. Inabidi uwashe droni na rimoti, simu iwe na intaneti, ufungue DJI Fly kwa akaunti ileile iliyoombea, uingie kwenye mipangilio ya Safety, halafu Unlock GEO Zone, uiingize leseni kwenye droni, kisha uiwashe kwa kitufe chake. Kuingiza na kuwasha ni vitu viwili tofauti. Fanya yote haya nyumbani, jana yake, kwenye mtandao wa uhakika. Ukisubiri kufika bondeni ambako simu inapata kijistari kimoja, utasimama hapo na leseni halali usiyoweza kuitumia. Wenye rimoti yenye skrini yake, isiyotumia simu, wakumbuke kuiunganisha kwenye hotspoti kabla, na kuhakikisha imeingia kwenye akaunti sahihi. Rimoti ya kuazima mara nyingi ina akaunti ya mwenyewe.

Baada ya kusasisha programu au hifadhidata ya FlySafe, rudi kwenye ukurasa ule uthibitishe leseni bado imewashwa. Usisasishe asubuhi ya kuruka.

Ukiwa hewani, kumbuka kwamba leseni ina kingo zake. Droni ikifika ukingoni itasimama, na safari ya kurudi nyumbani yenyewe inaweza kukatizwa ikiwa mstari wa moja kwa moja unapita kwenye eneo lililofungwa. Droni itaning'inia hewani ikila betri. Chagua pa kupaa ambapo mstari kutoka kona zote za eneo lako hadi miguuni pako uko ndani ya kilichofunguliwa. Asilimia 30 ya betri ndiyo ya kurudi nayo. Usingoje 15.

Kuhusu Songwe yenyewe, hesabu moja inafaa kila mrushaji aijue kichwani. Njia yake ya kurukia imelala mashariki kwa magharibi, na ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Ndege inayotua kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 hushuka mita 52 hivi kwa kila kilomita, na hupita juu ya mwanzo wa njia ikiwa kwenye mita 15. Maana yake, kilomita 1 kabla ya njia iko kwenye mita 67, kilomita 2 iko kwenye mita 120, kilomita 3 iko kwenye mita 172. Tazama ile ya kilomita 2: ni kimo kilekile ambacho droni nyingi za DJI zimewekewa kama kikomo cha kuanzia. Kwa hiyo "nimebaki kwenye mita 120" si kinga kwa anayesimama kwenye mstari wa njia ya kurukia. Na kama umesimama kwenye kilima kilicho juu kuliko uwanja kwa mita 60, droni yako kwenye mita 120 iko mita 180 juu ya uwanja, na hatari imesogea hadi kilomita 3 na ushei. Ukiwa na hiari, omba eneo lililo ubavuni mwa njia, kaskazini au kusini. Pembe hiyo inampa mwongoza ndege nafasi ya kukubali bila wasiwasi. Hesabu hiyohiyo itumie kwa uwanja wa Nduli, Iringa, ukifuata uelekeo wa njia ya kule.

Milima yetu ina tatizo jingine ambalo huduma hii hailigusi kabisa. Ukipaa kutoka mgongo wa mlima Loleza, juu ya Mbeya, ukaelekea mjini bila kubadilisha kimo, skrini itaendelea kuandika mita 100 wakati ardhi imeshuka mamia ya mita chini yako. Droni sasa iko juu sana kuliko ulivyoruhusiwa, na wewe unaamini uko sawa. Ukielekea mlimani ndiyo hatari zaidi: mita 100 ulizonazo zinakwisha na droni inakita kwenye mti. Panga kituo cha kupaa kiwe karibu na kimo cha eneo unalopiga picha, au gawa kibali katika vituo viwili.

Baridi nayo. Juni na Julai, Kitulo na Makete asubuhi inakaribia sifuri. Droni ya DJI Mini 2 imeandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 0, Mini 3 na Mini 4 Pro kuanzia -10, lakini betri iliyolala kwenye gari usiku kucha huporomosha volti mara tu unapopandisha kwa nguvu. Ibebe ndani ya koti, ining'inize droni mita mbili juu ya ardhi kwa dakika moja, kisha uendelee. Hewa ya kule juu ni nyepesi, panga zinazunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule, hivyo dakika 34 zilizoandikwa kwa Mini 4 Pro usizitarajie. Ukiomba dirisha la saa moja TCAA, panga betri tatu.

Kwa Kitulo na Ruaha, kibali cha TCAA hakitoshi: TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, nao wana utaratibu wao ndani ya hifadhi. Mlima Rungwe ni hifadhi ya msitu wa asili chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Waulize kabla ya kupanda. Kambi za jeshi ziache kabisa, hata kama ramani haina rangi.

Siku ya kuruka, chapisha kibali kwenye karatasi, usitegemee simu ambayo ndiyo skrini yako. Kama kibali kinakutaka uwasiliane na mnara kabla na baada, piga zote mbili. Simu ya kumaliza ndiyo husahaulika, na mwongoza ndege anabaki akiwaonya marubani juu ya droni ambayo imeshafungwa begini. Ukishatua, ingia tena Unlock GEO Zone uizime leseni, hata kama imebakiza siku mbili, ili aliyeazima droni wikiendi asipae mahali ambapo jina lako ndilo lililoandikwa.